Mvua ya Ndani ya Koti

Kwa fundi miavuli, maji yalikuwa mwizi. Hayapigi hodi wala hayavunji mlango. Hutafuta tundu, na tundu likiwapo, hata liwe dogo kama la sindano, yatapita tu. Mteja akimletea mwavuli unaovuja, yeye haulizi umeharibikaje. Huufungua, akauinua dirishani, akafumba jicho moja na kusema, "Haya, bwana mwizi, umepitia wapi?" Hatulii mpaka apaone. Chai itapoa, mteja atapiga miayo, lakini swali likishamwingia kichwani ni kama kupe sikioni mwa ng'ombe; halitoki kwa kubembelezwa.

Mkewe, ambaye alikuwa mwoka mikate, alikuwa akisema kwamba mume wake angekuwa polisi, mjini kusingebaki mwizi hata mmoja. Ila pia kusingebaki mtu wa kuwahi kazini, maana kila mpita njia angesimamishwa aulizwe maswali.

Mtoto wao wa kwanza alikuwa binti, ndiyo kwanza ameanza kukaza shingo. Walimpa jina zuri la ukoo, lakini hakuna aliyelitumia. Mtoto huyo alikuwa na tabia ya kumkazia mtu macho, akakunja uso na kunyamaza, kama anayemsubiri mshtakiwa amalize kujitetea. Kinyozi aliyepakana na karakana ya fundi alimtazama mara moja tu, akavua kofia na kusema, "Mheshimiwa Hakimu, mimi sina hatia." Jina likaganda hapo hapo.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, Mama Hakimu akarudi bekari. Ilikuwa katikati ya kipupwe, na kipupwe cha mji ule hakikuwa cha mchezo. Asubuhi ukungu ulilala juu ya mapaa kama blanketi lililoanuliwa kabla ya kukauka, manyunyu yalianguka bila haraka, na upepo wa darajani ulikuwa na tabia ya kumpekua mtu mifuko. Wakakubaliana hivi: mama anyonyeshe alfajiri aende kazini, baba abaki na mtoto, na jua likipanda, kama lipo, ambebe hadi bekari anyonye tena. Kutoka hapo karakana haikuwa mbali.

"Utambeba kwa mbeleko?" mkewe aliuliza.

"Kwani miavuli naibeba kwa nini? Si kwa mikono hii hii?"

"Mwavuli hauna shingo, Baba Hakimu."

Akamfundisha. Akamfunga mtoto kifuani kwake, si mgongoni, ili amwone uso. Akamwonyesha jinsi kidevu kinavyotakiwa kiinuke kidogo, kisiangukie kifuani, pumzi isije ikabanwa. "Kichwa chake kikae pale ambapo ukiinama unaweza kumbusu," alisema. "Ukishindwa kumbusu, umemfunga vibaya." Fundi akajaribu, akambusu. Hakimu akamtazama bila kutoa hukumu.

Hapo ndipo fundi akaja na ubunifu wake. Alichukua nailoni nzito, ile ya miavuli mikubwa ya wauza matunda, akashona koti la watu wawili: tundu moja la shingo yake, na mbele yake kidirisha kidogo cha uso wa mtoto. Kila mshono aliupitisha mara mbili, kisha akaupaka nta ya mshumaa. Kiunoni akatia lastiki. Shingoni akatia kola ya kubana. Alipomaliza alilivaa, akasimama katikati ya sebule kama mtu aliyevaa hema.

"Humu," alimwambia mkewe, "hata gharika la Nuhu lingeomba ruhusa."

Siku ya kwanza ilinyesha hasa. Fundi akatoka nyumbani kwao bondeni, akavuka daraja, akapanda ule mtaa wa ngazi za mawe akihema, huku akilisikia tone baada ya tone likigonga nailoni na kuteleza. Moyoni alikuwa anacheka. Alifika bekari, akaingia kwenye chumba cha nyuma ambako joto la tanuri lilimpokea, akafungua koti kama mtu anayefunua zawadi.

Mkewe akampokea mtoto, akampapasa mgongo. "Mbona amelowa?"

"Haiwezekani."

"Shika mwenyewe."

Akashika. Flana ya mtoto ilikuwa na unyevu mgongoni, na kofia kisogoni. Si maji ya kukamua. Ni ule unyevu wa nguo iliyotolewa kambani jioni.

"Nepi?" aliuliza kwa matumaini.

"Nepi nzima. Na nepi gani itapanda hadi kichwani?"

Mkewe akambadilisha mtoto nguo upesi, akamnyonyesha akiwa ameketi kwenye gunia la unga, huku akimtazama mume wake. Aliona aibu usoni mwake, ni kweli. Lakini nyuma ya aibu aliona kitu kingine anachokijua vizuri, akaguna. Chai ya siku ile ingepoa.

Karakana, fundi alilining'iniza lile koti kwenye boriti likiwa limegeuzwa juu chini, akafunga matundu kwa kamba, akalijaza maji ndoo nzima. Kisha akakaa chini yake kwenye kigoda, ametazama juu. Kinyozi akachungulia mlangoni, mkasi mkononi.

"Fundi, unalikamua au unalisubiri lizae?"

"Natafuta linapovujia."

"Umepaona?"

"Halivuji hata tone."

"Basi furahi!"

"Nitafurahije? Mtoto amelowa, na koti halivuji. Sasa maji yamepitia wapi?"

Kinyozi akafikiri, maana na yeye alipenda mambo. "Labda Mheshimiwa anatokwa na udenda."

"Mgongoni?"

Kinyozi akakubali kwamba udenda wa mgongoni ungekuwa habari ya mjini, akarudi kwa mteja wake aliyekuwa amenyolewa upande mmoja.

Kesho yake mambo yakawa mabaya zaidi, au mazuri zaidi, inategemea wewe ni nani. Hakukunyesha kabisa. Anga lilikuwa jeupe, baridi kavu, nguzo za moshi zikisimama juu ya nyumba. Kwa kuogopa upepo wa darajani, fundi alilivaa lile koti vilevile, akatembea hadi bekari bila tone hata moja kumgusa. Akafungua. Mtoto amelowa kama jana.

Mke na mume wakatazamana.

"Leo haijanyesha," mke alisema polepole.

"Haijanyesha," mume alijibu, na Mungu amsamehe, sauti yake ilikuwa na furaha. Mwizi aliyeingia nyumba isiyo na mlango! Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kukutana naye.

Furaha hiyo ilikatika Hakimu alipopiga chafya. Ilikuwa chafya ndogo, ya paka, lakini fundi aliisikia hadi kwenye nyayo.

Jioni ile ile mama mkwe akaingia na kapu lake. Alikuwa amekuja kumwona mjukuu, na kama desturi ya mabibi wote, aliona kwanza kisichokuwa sawa. Fundi alimwamkia, akamtolea kiti. Bibi akaitikia "marahaba, baba" huku tayari mikono yake iko kwenye vidole vya mtoto.

"Vidole hivi ni barafu! Mtoto huyu anavaa nini akitoka?"

Akaonyeshwa. Akasonya.

"Wanangu watano nimewalea kwenye baridi hii hii, na hakuna aliyepiga chafya kabla ya kuota meno. Mtoto anafungwa, anafungwa, mpaka basi. Hivi ndivyo anavyofungwa."

Asubuhi yake akamvika mjukuu wake flana, sweta, sweta ya pili, kitambaa cha sufu, suruali mbili na blanketi dogo, kisha ndipo mbeleko ikazunguka, kisha koti. Hakimu alikuwa kama mto uliopewa pua. Miguu yake ilichomoza kwa ubavuni imekakamaa. Nani atabishana na mama mkwe kuhusu kulea? Fundi akatoka.

Kabla ya kumaliza daraja mtoto alianza kulia, na hakuwa mtoto wa kulia ovyo. Katikati ya ngazi kilio kikawa cha kukwaruza, uso umeiva kama nyanya. Fundi akapanda mbio, jambo lililozidisha joto, akaingia karakana kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu, akalipasua koti kifungo kwa kifungo. Mvuke ulimtoka mtoto kichwani. Ulitoka kweli, alisimulia baadaye, kama kwenye kikombe. Alipoanza kumvua lile rundo, upepo ukaingia mlangoni na ule mwili mdogo uliolowa jasho ukaanza kutetemeka. Dakika ileile: joto, kisha baridi.

Fundi hakufikiri. Alipiga mlango kwa teke ukajifunga, akamfuta mtoto kwa shuka safi la kufungia miavuli, akafungua shati lake mwenyewe, akamlaza kifuani ngozi kwa ngozi, akajifunika blanketi yeye na mtoto. Kinyozi alisikia kilio akaja mbio, akaona hali ilivyo. Bila mzaha wowote akasimama mlangoni kwa mgongo wake kuziba mwanya wa upepo. Wakakaa hivyo. Kutetemeka kukapungua, kukakoma. Hakimu akashusha pumzi ndefu, akalala.

"Amepona?" kinyozi alinong'ona.

"Amelala." Fundi alikuwa anapitisha mkono mwilini mwa mtoto, taratibu, kama anayesoma. "Lakini sikiliza ajabu. Vidole bado vya baridi. Ila hapa nyuma ya shingo ni joto zuri tu. Tena tangu jana vidole vyake ni vya baridi hata ndani ya nyumba, akiwa anacheka."

"Maana yake?"

"Maana yake vidole havisemi ukweli. Shingo ndiyo inasema."

Na alipokuwa amekaa pale, hana la kufanya ila kukaa, macho yake yakaangukia lile koti alilolitupa chini. Lilikuwa limeanguka limegeuka ndani nje. Upande wa ndani, ule usioguswa na mvua wala ukungu, ulikuwa umejaa matone madogo madogo, yamepangana kama kwenye kifuniko cha sufuria.

Siku iliyofuata alimwomba mama mkwe abaki na mtoto asubuhi. Bibi alikubali kwa moyo mmoja, akidhani mkwe wake ameona makosa yake. Lakini alipoona anachofanya, alishika tama. Fundi alishona vifurushi viwili vya pamba kavu, vyenye ukubwa sawa. Kimoja alikifunga kifuani kwa mbeleko kama mtoto, akavaa koti juu. Kingine alikizungushia nailoni ileile, akaifunga vizuri, akakining'iniza mwisho wa fimbo ya mwavuli akakibeba mbali na mwili.

"Mwanangu," bibi alisema kwa upole wa kumwambia mgonjwa, "unakwenda wapi?"

"Bekari, mama. Nikirudi nitakuambia."

Mtaa wa ngazi ulimpokea kwa shangwe. "Hongera fundi, mapacha!" alisema mmoja. "Huyo wa fimboni amekosa nini?" aliuliza mwingine. Fundi akaitikia kila salamu, akapanda ngazi kwa mwendo wake wa kila siku, jasho likimtiririka chini ya shati.

Bekari alivitoa vifurushi mbele ya mkewe, akavipanga mezani. Mke, mikono ikiwa myeupe kwa unga, akagusa kile cha fimboni.

"Kikavu."

"Na hiki cha kifuani?"

Akagusa. Akainua macho. "Kimelowa. Chote. Huku kwako na huku nje."

"Mvua hakuna. Mtoto hakuna, kwa hiyo si udenda wala si nepi. Koti ni lile lile, nailoni ni ile ile. Kilichozidi kwenye hiki ni nini?"

Mkewe alikuwa amegeuka kutazama rafu. Mwenzake mmoja, mgeni wa kazi, alikuwa ametia mikate iliyotoka tanurini moja kwa moja kwenye mifuko ya nailoni. Ndani ya mifuko ukungu ulikuwa umetanda, na matone yalikuwa yakishuka yakikusanyika chini, penye ganda la mkate ambalo lilikuwa gumu muda mfupi uliopita na sasa lilikuwa kama sifongo.

"Mimi hupiga kelele kila siku," alisema taratibu. "Mkate wa moto hautiwi kwenye nailoni. Unatoka jasho, jasho halina pa kwenda, linaurudia mkate wenyewe. Kila siku nasema, Baba Hakimu! Na mtoto wangu naletewa amelowa, nami nasimama hapa hapa, siunganishi."

Fundi alichukua mfuko mmoja, akauinua kwenye mwanga, akafumba jicho moja.

"Kumbe mvua ni mimi," alisema.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe alisema, kisha wote wawili wakaangua kicheko mpaka yule mgeni wa kazi akadhani anachekwa yeye.

Kicheko kilipopoa, fundi alimwagiwa maswali na kichwa chake mwenyewe. Kama yeye ni mkate wa moto, basi mtoto aliyegandana naye analala juu ya tanuri. Anahitaji sweta ngapi mtu aliyelala juu ya tanuri? Na jasho likishamlowesha, tanuri likiondolewa, si ndiyo maana alitetemeka? Basi adui hakuwa mmoja. Alikuwa amepigana na maji ya nje kwa kuyafungia maji ya ndani.

Akarudi nyumbani, akachukua mkasi, akakaa mbele ya koti lake. Kukata mshono ulioushona mwenyewe na kuupaka nta si jambo jepesi. Alipiga moyo konde, akakata. Lastiki ya kiunoni ikatoka, kola ikatoka. Akalifanya joho la wazi, linaloning'inia mabegani na kuishia magotini, hewa ikiingia kwa chini. Lakini likawa na kasoro: mbele lilimwangukia mtoto kichwani, likagandana naye kama ngozi. Alilizunguka, akalikunja, akalikunjua. Mwishowe akaona kwenye msumari ile ngata ya mkewe, lile duara la kitambaa analoliweka kichwani akibeba sinia za mikate. Akasokota ngata ndefu ya kitambaa laini, akaishona kuzunguka mabega na mbele, mbali na uso wa mtoto. Joho likainuka, likasimama mbali na mwili kama upenu wa nyumba. Akatia mkono katikati: kulikuwa na nafasi, na hewa inapita.

Mama mkwe alikuwa anatazama yote hayo huku akifuma. "Sasa umelitoboa," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Na nguo atavaa ngapi?"

"Flana moja ya pamba, sweta moja nyepesi ya sufu, na kofia. Joto lingine ni mimi."

Sindano za kufumia zikasimama. "Unataka kuniulia mjukuu?"

Fundi akavuta kigoda akakaa miguuni pa bibi, kama inavyompasa mkwe. Akamweleza yote: vifurushi, mkate, shingo na vidole. Bibi alisikiliza, uso haukulegea. Hata hivyo alisema jambo moja, na fundi alilishika: "Na miguu je? Ukimfunga mbeleko suruali inapanda, kifundo kinabaki nje. Miguu haipo kwenye hilo tanuri lako."

Fundi akatoa macho. Alikuwa hajaliona. "Ni kweli, mama. Miguu iko nje ya nyumba."

"Basi ndiyo maana nafuma hizi." Akainua soksi ndefu, za kufika juu ya magoti. "Na kesho nakwenda nawe. Nitatia mkono kwenye shingo hiyo kila nikipenda. Nikiona ni ya baridi, namchukua, na koti lako nalitupa mtoni."

"Sawa, mama."

Kama kwamba mbingu zilikuwa zinasikiliza, kesho yake ikawa siku mbaya kuliko zote. Walitoka na manyunyu. Walipofika darajani yakawa mvua, na katikati ya daraja mvua ikaanza kubeba mawe. Punje za barafu zikaruka juu ya vyuma kama mahindi kikaangoni. Bibi alikuwa na mwavuli, mmoja wa kazi za fundi mwenyewe. Upepo uliukamata kwa chini, ukaupindua, mbavu zikaelekea mbinguni.

"Mwavuli huu si uliutengeneza wewe?" alipiga kelele.

"Nitauangalia tena, mama!"

Fundi alitembea polepole, jambo ambalo kwenye mvua ya mawe linahitaji imani. Alikuwa amevua sweta yake kabla ya kutoka, na alijizuia asikimbie, maana kila hatua ya haraka ilikuwa jasho, na jasho alilijua sasa linakoishia. Barafu iligonga ngata na kuruka. Chini ya upenu ule Hakimu alikuwa macho, amegeuza shavu, anatazama dunia ikianguka vipande vipande, ametoa ulimi kidogo kwa mshangao. Fundi aliinama akambusu; midomo ilifika.

Bibi, maji yakimchuruzika kidevuni, alitimiza ahadi yake. Darajani alitia mkono chini ya joho. Penye ngazi akatia tena. Mara ya tatu mkono haukutoka haraka. Ulikaa.

"Vipi, mama?" fundi aliuliza. Moyo ulikuwa unamdunda. Alihisi mtoto naye anausikia.

"Tembea," bibi alisema.

Bekari waoka mikate wote waliacha kazi. Fundi alifungua joho, akafungua mbeleko, Mama Hakimu akampokea binti yake na kumpapasa kisogo, mgongo, kifua, nyayo. Akaingiza kidole ndani ya soksi.

"Mkavu," alisema. Kisha akasema tena, kwa sauti nyingine kabisa, "Mkavu, mama. Shika."

"Nimeshashika," bibi alijibu. Alikuwa ameketi karibu na tanuri, nguo zake zikitoa mvuke, meno yakigongana. Katika msafara mzima ni yeye aliyelowa, na fundi kichwa na miguu. Mtu akamletea kikombe cha chai ya moto, akakikumbatia kwa viganja vyote viwili, akawa anamtazama mkwe wake juu ya ukingo wa kikombe, kama aliyekuwa anamwona kwa mara ya kwanza. Hakimu alinyonya, akacheua, akalitazama baraza lote, akatoa tabasamu lake la kwanza la hadharani. Yule mgeni wa kazi aliapa kwamba lilikuwa lake.

Mvua ya mawe ilikoma lakini manyunyu yalibaki, na baridi ilikuwa imezidi. Wakati wa kuondoka, fundi alipochukua mbeleko, bibi alisimama.

"Nifunge mimi."

"Wewe, mama?"

"Kwani mimi sina kifua? Watano wote niliwabeba mgongoni, sikuwaona nyuso njiani hata siku moja. Nifunge, nione unachokiona."

Akamfunga. Akainua kidevu cha mtoto, akapima kwa macho kama bibi anaweza kumbusu bila kujinyonga, akamvika joho. Lilimfika karibu na visigino. Wakatoka, bibi mbele akitembea kwa hadhi ya mtu aliyebeba yai, fundi nyuma, akilowa.

Darajani alimwona anasimama. Akaharakisha, akidhani kuna tatizo.

"Mbona hukuniambia?" bibi alisema bila kugeuka.

"Nini, mama?"

"Nilikuwa natetemeka tangu bekari. Sasa sitetemeki. Wewe ulisema tanuri ni wewe. Mbona huyu ndiye ananipasha joto mimi?"

Fundi alisimama kwenye manyunyu, maji yakimwingia shingoni, akakuna kichwa. Alikuwa amepima koti, amepima pamba, amepima mkate. Hilo hakulipima. Je, ni nani anampa mwenzake zaidi? Na mtu angelijuaje?

"Mama," alisema, akianza kumfuata, "unalisikia wapi zaidi hilo joto? Kifuani au tumboni? Na akilala linazidi, au linapungua?"

"Hebu niache," bibi alisema. "Nimebeba mtoto."

Walipofika nyumbani fundi alimvulia viatu, akawasha jiko, akatandika kitanda cha mtoto. Bibi hakumfungua. Alikaa kitini na joho lake, mkono mmoja nyuma ya shingo ya Hakimu, na wote wawili wakalala wakiwa wamefunua midomo.